Koili za Mama Sabuni

Jina la Mama Sabuni alilipata kazini. Alifua mashuka ya hospitali tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na hata baada ya hapo mikono yake iliendelea kunukia sabuni, kana kwamba ngozi haikupewa barua ya kuacha kazi. Mumewe alikuwa dereva wa teksi. Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, wa kiume, akasoma, akapata kazi ya ofisini katika mji wa mbali, akaoa hukohuko na kukaa hukohuko. Kisha mume akafariki. Nyumba ikabaki na mtu mmoja, kamba ya kuanikia nguo iliyozidi urefu, na gari.

Gari lenyewe lilikuwa kongwe, rangi ya maziwa, limechubuka pembeni kama goti la mtoto. Lakini injini yake ilikuwa safi, maana marehemu alikuwa adui wa uzembe. Tuchukue koili. Ni kile kikopo cheusi kinachopokea umeme mdogo wa betri na kuukuza mpaka plagi zitoe cheche. Madereva wengi huibadilisha koili kama wanavyobadilisha balbu ya chooni, wakiamini kuungua ndiyo tabia yake. Marehemu alikuwa na koili ileile tangu alipolinunua gari.

"Koili haifi," alikuwa akiwaambia wenzake kituoni. "Koili huuawa."

Na wauaji aliwajua. Plagi iliyochakaa, ambayo dereva anaona uvivu kuibadilisha, hulazimisha koili isukume kwa nguvu kuliko uwezo wake. Waya uliopasuka huvujisha umeme njiani. Maji ya kuoshea injini hupenya yasikotakiwa. Skrubu iliyolegea huiacha koili itetemeke kutwa nzima juu ya joto. Kwa hiyo plagi alizibadilisha kabla hazijaanza kulalamika, waya alizifuta kwa kitambaa kikavu, na skrubu alizikaza kila alipobadilisha oili. Wenzake walimcheka.

"Bwana wee, ungesomea udaktari wa watoto!"

"Na wewe," alijibu, "ungesomea uchimbaji makaburi."

Nyumbani, redio ya mezani ilipoharibika, marehemu alikataa kununua nyingine. Alisema redio ya gari inatosha, na mtu mwenye redio mbili husikia habari mbaya mara mbili. Basi ikawa desturi yao. Jioni, kabla ya taarifa ya habari, alitoka uani, akafungua boneti, akainama pale kitambo kidogo, kisha akaishusha taratibu na kuingia kwenye kiti cha dereva. Mama Sabuni alikuwa tayari ameketi kwenye kiti cha abiria, kanga mabegani, viatu amevivua.

"Umekwisha kumuaga mke mwenzangu?" alimuuliza.

"Nimemuaga. Amesema nikusalimie."

"Mwambie sipokei salamu za mtu anayenuka oili."

Ulikuwa mzaha wao wa kila jioni, wala haukuwachosha. Kisha mume alizungusha ufunguo. Swichi ya gari ilikuwa imechakaa. Ile hatua ya kwanza, iliyowekwa kwa ajili ya redio, ilikuwa imekufa. Redio ilizungumza tu ufunguo ulipopelekwa hatua ya pili, ile ya kuandaa injini, taa nyekundu zikiwaka mbele ya dereva. Wakasikiliza habari, wakabishana na msomaji kana kwamba yuko kiti cha nyuma, wakaingia ndani kula. Mama Sabuni hakuwahi kuuliza mumewe hufanya nini hasa chini ya ile boneti. Kila ndoa ina mlango mmoja ambao mtu haufungui, kwa sababu anaamini nyuma yake hakuna baya.

Baada ya mazishi watu walikuja, wakala, wakalia, wakaondoka. Ndivyo watu tulivyo. Msiba tunauhudhuria vizuri sana. Kinachofuata baada ya msiba ndicho kinachotushinda. Mama Sabuni aliendesha gari mwenyewe, kwani mumewe alikuwa amemfundisha kwa lazima, wakigombana njia nzima. Alikwenda nalo kliniki na sokoni. Na jioni alitoka uani, akavua viatu, akaketi kwenye kiti chake kilekile cha abiria, akanyoosha mkono mpaka upande wa pili na kuzungusha ufunguo.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na angeanzaje? Mwanamke mzima anakaa ndani ya gari lisilokwenda popote, anasikiliza habari karibu na kiti kitupu. Sisi majirani tulisikia sauti nyuma ya uzio tukadhani ana wageni. Tukafurahi kwa ajili yake, na furaha hiyo ikatuondolea haja ya kwenda kumwona.

Haukupita muda mrefu, koili ya marehemu ikaungua. Ile iliyodumu miaka yote ya teksi ilimfuata mwenye gari ndani ya mwaka uleule. Gari lilisukumwa mpaka gereji ya Fundi Miwani, aliyeitwa hivyo kwa sababu miwani yake ilining'inia shingoni kwa uzi na hakuna aliyewahi kuiona machoni. Fundi akaweka koili mpya. Nayo baada ya miezi kadhaa ikaungua. Fundi akaweka ya tatu, na safari hii hakutaka kumwachia funguo kabla ya kumhoji.

"Mama, mimi sipendi kuuza koili. Yaani napenda, lakini si kwa mtu mmoja kila wakati, nitaonekana mwizi. Plagi nimeziangalia, nzima. Waya safi. Niambie ukweli, unaiogesha injini?"

"Mimi?" Mama Sabuni akashika kiuno. "Nimefua maisha yangu yote, mwanangu. Kitu cha kufuliwa nakijua, na cha kufutwa nakijua."

"Sawa, sawa, nimekoma. Na ufunguo? Hakuna anayeuacha umezungushwa injini ikiwa imezimwa?"

"Hakuna."

"Una hakika?"

"Naishi peke yangu, fundi. Auache nani?"

Fundi alimweleza hivyo hivyo, kwa faida ya baadaye. Injini ikizunguka, umeme huingia kwenye koili na kukatika, huingia na kukatika, nayo hupata kupumua. Injini ikisimama na ufunguo uko wazi, umeme huweza kupita mfululizo bila kazi yoyote, na koili huchemka kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Kuna siku injini husimama mahali pazuri, pale pa kukatika, umeme usipite. Kuna siku husimama pabaya. Ndiyo maana koili huvumilia mara nyingi, kisha hufa ghafla.

Mama Sabuni alimsikiliza kwa makini. Njiani kurudi alipima maneno yale, akayakataa. Marehemu alifanya hivyohivyo kila jioni, miaka nenda miaka rudi, redio ikisema na injini kimya, na koili yake haikuungua. Basi fundi amekosea. Hesabu hiyo ilionekana sawa kwa sababu ilikuwa na pengo asilolijua. Lakini lazima niseme pia kwamba alisema uongo pale gereji, na uongo hauwi mdogo kwa kuwa umetokana na haya. Daktari akidanganywa, dawa hukosea njia.

Jioni hiyo mwanawe alipiga simu.

"Mama, nasikia koili tena."

"Umesikia kwa nani? Fundi ana mdomo kama mlango wa duka."

"Nimempigia mimi. Mama, hilo gari ni mzigo."

"Nani amekuomba ulibebe?"

"Nimepata mtu wa kulinunua. Fundi bomba, mtu mwema, atalitumia kubebea mabomba yake."

"Mabomba? Kwenye kiti cha baba yako?"

"Mama, sikiliza. Siku moja litazimika njiani, jua kali, uko peke yako. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nakuja mwisho wa mwezi. Nikikuta linawaka, sitasema neno tena mpaka naingia kaburini. Nikikuta koili imeungua, linauzwa. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana," Mama Sabuni akasema. "Litawaka."

Kwa hiyo alilitunza kuliko alivyowahi kutunza kitu. Asubuhi alifungua boneti, akafuta waya mmoja mmoja, akagusa skrubu za koili kuona kama zimekaa. Alisafisha vichwa vya betri mpaka vikang'aa. Na kwa kuwa maneno ya fundi yalikuwa bado yanamwasha, aliamua pia kuacha redio mpaka mwanawe aje na kuondoka. Ikifika saa ya habari alikaa sebuleni. Kulikuwa na redio kubwa ambayo mwanawe alimnunulia baada ya msiba, iko kabatini ndani ya boksi lake. Aliitoa, akaiweka mezani, akaiwasha. Msomaji alikuwa yuleyule, habari zilezile. Mama Sabuni alikaa wima kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Alitazama ukuta. Habari zilipokwisha aligundua hakusikia hata moja.

Alijitahidi siku kadhaa. Kisha jioni moja akairudisha redio kabatini, akatoka uani, akavua viatu.

Mwanawe alifika asubuhi kwa basi, mkoba mmoja mkononi, na fundi bomba akaja naye kutoka kituoni, mtu mnene mpole mwenye kofia. Mama Sabuni aliwakaribisha, akawapa chai, akachukua ufunguo bila kuulizwa. Aliingia kwenye gari. Injini ilizunguka, ikazunguka, haikushika. Akajaribu tena. Fundi bomba aliangalia viatu vyake.

"Basi, Mama," mwanawe akasema kwa upole. Upole huo ulimuumiza kuliko ukali.

"Fundi aje kwanza. Hatuuzi kitu hatujui kinaumwa nini."

Fundi Miwani alikuja na sanduku lake. Alifungua boneti, akaishika koili, akaigeuza kidogo. Kikopo kilikuwa kimevimba, mafuta yake yamevuja shingoni.

"Hii imeuawa," akasema. "Kama alivyokuwa akisema marehemu. Lakini muuaji ndiye sijamwona." Alianza kuifungua. Pembeni, juu ya bomba la mpira, kulikuwa na kibanio cha nguo cha mti, cheusi kwa oili. Siku zote alidhani kinashikilia lile bomba. Safari hii kilimzuia mkono, akakichomoa na kumpa Mama Sabuni bila kumtazama. "Shika, Mama. Nguo zako zimeanikwa mpaka huku."

Mama Sabuni alikifuta kwa ncha ya kanga. Chini ya ule weusi kukatokea uzi mwekundu uliozungushwa kwenye springi. Alikuwa akifunga uzi mwekundu kwenye vibanio vyake vyote, visichanganyike na vya hospitali.

"Kibanio changu," akasema. "Nimemgombeza huyu mzee kwa ajili ya vibanio! Nikamwambia unavila? Akaapa hajaviona." Akakigeuza. "Kinafanya nini humu?"

Fundi alikuwa ameinama juu ya waya mwembamba unaoleta umeme kwenye koili. Miwani ikapanda machoni, kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Vichwa vya waya nyingine vilikuwa vimefifia kwa uzee. Cha huu kilikuwa kimesuguliwa kikalainika, kama mpini wa jembe. Akauchomoa. Ukatoka kirahisi, kama kitu kilichozoea kutoka. Akaomba kibanio, akakibana kwenye waya, akauweka kando juu ya lile bomba, mbali na chuma. Meno ya kibanio yalikuwa yamelika palepale, kwa unene uleule wa waya.

"Huyu mzee alikuwa akiuchomoa waya huu," fundi akasema polepole. "Si mara moja. Miaka, akiurudisha kabla ya kuwasha gari. Waya ukitoka, ufunguo hata ukikaa wazi mpaka kesho, koili haiguswi." Akasimama wima. "Mama, nilikuuliza pale gereji. Nakuuliza tena, usinikasirikie. Marehemu alikuwa na kazi gani na ufunguo wazi, injini imezimwa?"

Mama Sabuni alimtazama mwanawe, kisha gari, kisha kibanio. Alikuwa na njia mbili. Angeweza kusema hajui, na gari likaenda na mabomba, na siri yake ikabaki naye ndani ya nyumba. Hata sasa, ulimi ulikuwa umekwisha kushika neno "sijui."

"Alikuwa akisikiliza taarifa ya habari," akasema. "Mimi na yeye. Kila jioni alifungua boneti kwanza. Mimi nilidhani anafanya mzaha."

"Na sasa?" fundi akauliza.

"Sasa nasikiliza mimi."

"Kila jioni?" Aliyeuliza alikuwa mwanawe.

"Kila jioni."

"Lakini Mama, nilikununulia redio! Ile kubwa."

"Ipo. Ni nzuri, mwanangu, inasikika mpaka jikoni."

"Sasa mbona huisikilizi?"

Mama Sabuni alifikiri, kwa maana hakutaka kumuumiza. "Ile haina kiti cha pili," akasema.

Fundi bomba alikohoa. Alivua kofia, akaivaa tena. "Bosi," akamwambia yule kijana, "mimi nitatafuta gari jingine. Hili lina watu ndani." Akaaga kwa adabu na kuondoka, na sijawahi kusikia mtu akikataa biashara kwa maneno mazuri zaidi.

Mwana hakubisha. Alikwenda mwenyewe na fundi kutafuta koili, na mchana ule injini ikashika ufunguo ulipozungushwa mara moja tu. Fundi Miwani, ambaye kwa moyo wake wote ni mtu wa kutatua mambo, akapendekeza jambo la akili: apitishe waya wa redio moja kwa moja, usiotegemea swichi, na habari ya kuchomoa iishe kabisa.

"Hapana," Mama Sabuni akasema. "Nifundishe kuchomoa."

"Mama, ni kazi bure kila siku."

"Kufua mashuka yanayochafuka kesho pia ni kazi bure. Nifundishe."

Akamfundisha. Kwanza ufunguo uwe umefungwa. Chomoa kwa kushika kichwa, usivute waya. Bana kwa kibanio, weka mbali na chuma. Ukimaliza, funga ufunguo, rudisha, hakikisha kimekaa. Alirudia mbele yake mpaka fundi akaridhika, vidole vile vya sabuni vikipita kwa uangalifu mahali ambapo vidole vingine vilipita kabla yake.

Jioni hiyo mwanawe aliketi kwenye kiti cha dereva. Alikuwa mrefu kuliko baba yake, magoti yaligusa usukani. Wakasikiliza. Katikati ya habari alisema, "Hizi zote nimezisoma kwenye simu asubuhi." Mama Sabuni akamjibu, "Ndiyo." Baadaye kidogo kijana akainamisha kichwa, mabega yakamtikisika, na mama yake akamwekea mkono mgongoni, akauacha hapo mpaka taarifa ya hali ya hewa.

Kesho yake alirudi kazini. Aliahidi kupiga simu kila jioni, na kwa muda alipiga. Sasa hupiga akikumbuka. Simhukumu peke yake. Mtu akinunua redio huamini amefanya jambo, na kweli amefanya jambo, ila kitu hakikai na mtu. Kukaa ni kazi, kama kufuta waya. Haihitaji elimu, inahitaji kurudi tena kesho.

Koili ile ya nne ingali ndani ya gari mpaka leo. Fundi Miwani huitaja kwa wateja wake wazembe kama mfano. Sisi majirani nasi tunajua zile sauti nyuma ya uzio si za wageni. Tunajua vizuri. Kujua hakujamfikisha mtu kwenye geti lake.

Jioni, kabla ya habari, Mama Sabuni hutoka uani. Boneti ni nzito kwake, huisaidia kwa bega. Huchomoa waya, huubana, huuweka kando.

"Usiku mwema, mke mwenzangu," humwambia.

Husimama pale kidogo, kama mtu anayesubiri kurudishiwa salamu. Kisha huishusha boneti taratibu, huzunguka upande wa abiria, na kuvua viatu.